Shokapu Zilizopakwa Rangi

Nimestaafu ufundi wa magari. Yaliyoamua ni magoti yangu, si mimi. Gereji yangu ya hapa Muleba nimewaachia mafundi niliofanya nao kazi, nao wameniomba niandike kidogo juu ya springi na shokapu, kwa kuwa ndiyo kazi iliyonipa jina. Nadhani walitarajia vipimo. Vipimo nitawapa, lakini siwezi kuviandika bila kuandika na hasira yangu, na anayetaka kimoja bila kingine akanunue kitabu dukani.

Kwetu ni Izigo. Baba alikuwa na kibanja cha migomba na kahawa kama majirani zake wote, na alitaka niwe nesi. Nikasomea ufundi magari katika chuo cha misheni kwa sababu nafasi za ushonaji zilikuwa zimejaa. Sina hadithi nzuri zaidi ya hiyo. Nilipomaliza, nilizunguka gereji za Bukoba mjini moja baada ya nyingine, na kila mahali walitazama sketi yangu kabla ya kutazama cheti. Mmoja aliniuliza kama naweza kuwapikia mafundi chai. Nikamwambia naweza, na gari nalo naweza kulishusha injini. Akacheka, akasema chai inatosha. Nikaondoka.

Aliyenipokea ni Ta Kaijage; Wahaya tunamwita mzee wa kuheshimiwa Ta. Alikuwa mwembamba, Mlutheri asiyekosa ibada, na ovaroli yake ilikuwa imepigwa pasi mpaka mikono ina mistari. Hakunitazama sketi wala cheti. Alinipeleka nyuma ya pikapu iliyokuwa imeegeshwa uani, akaniambia nibonyeze kona yake kwa nguvu zangu zote kisha niachie.

"Umeona nini?" akaniuliza.

"Limepanda, limeshuka, limepanda tena, limeshuka tena."

"Na lingekuwa zima?"

"Lingepanda, lishuke kidogo, litulie."

"Kesho njoo na ovaroli," akasema. "Na ukija na sketi, ivalie ndani."

Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Naandika hivyo waziwazi kwa sababu yale yanayofuata hayafuti hilo, na ndiyo maana yananiuma mpaka leo.

Alinifundisha kwamba springi kazi yake ni kubeba uzito, na shokapu kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kudunda. Watu huchanganya. Gari likilala nyuma wananunua shokapu. Likidunda wananunua springi. Fundi mvivu anawauzia walichoomba. Ta Kaijage alikuwa hagusi spana kabla ya kuuliza maswali: unabeba nini, unapita wapi, gari hulala upande gani. Kisha anatafuta mahali pa tambarare, anapima kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa bodi juu yake, kulia na kushoto, gari likiwa tupu. Halafu anamwambia mwenye gari aende alete mzigo wake wa kila siku, apime tena. Nimemwona akimrudisha mtu nyumbani akalete mikungu ya ndizi na mama mkwe, kwa kuwa alisema hivyo ndivyo anavyobeba.

Alinifundisha pia jambo ambalo mafundi wengi wa leo hawataki kulisikia. Springi ngumu kuliko zote dukani siyo springi bora kuliko zote. Ukiliwekea gari kuukuu springi za kubeba tani, na mwenyewe anabeba madaftari na mke, gari litamrusha kila shimo, na tairi litakuwa linagusa barabara pale linapojisikia. Na ukiongeza nguvu ya springi, lazima uweke shokapu yenye nguvu ya kuishika. Springi mpya ngumu na shokapu iliyokufa ni hatari kuliko vyote viwili vikiwa vimechakaa. Hilo mlishike, hata kama mengine mtayasahau.

Tulifanya kazi pamoja miaka mingi, na sina lawama juu ya miaka hiyo. Mambo yalianza kubadilika alipofungua duka la spea mbele ya gereji. Mwanzoni lilikuwa duka safi. Baadaye nikaanza kuona shokapu nzuri mno: nyeusi, zinang'aa, hazina boksi, hazina maandishi. Nilipouliza zinatoka wapi, niliambiwa Kampala. Siku hizo kitu chochote kisicho na maelezo kilitoka Kampala.

Ndipo akaja Mwalimu Faustini.

Mwalimu Faustini alikuwa mtu wa kwetu Izigo, mwalimu wa shule ya msingi na katekista wa kigango chetu, maana yake Jumapili ambayo padre hakufika yeye ndiye aliyeongoza sala. Alikuwa na Pijo steshenwagoni aliyoachiwa na kaka yake. Gari lile lilikuwa la kijiji kizima. Lilibeba wajawazito, lilibeba kahawa, lilibeba majeneza, na springi zake za nyuma zilikuwa zimechoka hata taa za mbele zilimulika juu ya migomba.

"Adelina," aliniambia, "sitaki gari jipya. Nataka hili lisimame kama mtu aliyeshiba."

Nikafanya kazi kama nilivyofundishwa. Nikapima likiwa tupu na likiwa na mzigo. Nikamchagulia springi za nyuma zenye nguvu kiasi kuliko zile za mwanzo, si zile za juu kabisa. Nikaandika shokapu zinazolingana nazo, nguvu na urefu, maana ukiinua gari kidogo na shokapu ni fupi, itavutwa mpaka mwisho wake na kukatika. Mwalimu akakubali, akalipa, akaenda zake kusubiri.

Shokapu zilipotolewa dukani, nilizisimamisha wima kuzisukuma juu na chini kwa mkono, kama mnavyopaswa kufanya kila mara ili hewa itoke kabla ya kuzifunga. Ya kwanza ilikuwa nzito ajabu, kisha katikati ikalegea kama jino bovu, kisha ikawa nzito tena. Ya pili hivyo hivyo. Nikaikwaruza kwa ukucha karibu na chini. Rangi ikatoka, na chini ya rangi kulikuwa na kovu la kuchomelea.

Kwa ninyi ambao hamjaona, kazi hiyo inafanywa hivi. Mtu anaokota shokapu iliyokufa. Anaitoboa tundu, anamimina oili nzito ya gia, wengine wanaongeza na grisi, anachomelea tundu, anapaka rangi nyeusi. Ukiijaribu gerejini inaonekana ngumu, mteja anafurahi. Ikipata moto barabarani, oili inapita popote inapotaka, na humo ndani hamna tena kitu cha kuishika springi. Simwiti fundi mtu anayefanya hivyo.

Nikaenda nazo kwa Ta Kaijage. Alikuwa ofisini anasoma gazeti.

"Ta Kaijage, waitu, hizi zimechomelewa," nikasema kwa heshima ya Kihaya.

Hakuinua macho. "Zimekarabatiwa."

"Gari la Mwalimu linabeba watu."

"Mwalimu hakuomba ndege, Adelina. Ameomba gari lisidunde. Funga."

"Sifungi."

Akakunja gazeti, akatabasamu, tabasamu lile lile la siku ya kwanza, akasema, "Haya, mwanangu. Nitaagiza nyingine. Usikasirike bure."

Nikamwamini. Kwa nini nisimwamini? Kila ninachokijua katika kazi hii nilikipata kinywani mwake. Siku mbili baadaye nikapata habari ya msiba wa baba yangu mdogo, nikaenda Izigo kuzika. Niliporudi mjini Pijo haikuwepo. Fundi mwenzangu Deo, mtu mzima mwenye watoto wakubwa, aliniambia Mwalimu amekwisha kuchukua gari lake na ameondoka akiimba.

"Ulifunga shokapu zipi?"

Deo akawa anafuta spana iliyokuwa safi. "Nilizopewa," akasema.

Nikatoka mbio kutafuta usafiri wa kurudi Izigo, maana simu hazikuwa kama sasa. Nilifika kwao jioni. Nyumba ilikuwa imefungwa. Majirani wakasema Mwalimu na mkewe, Ma Speransia, wamekwenda Kanazi kwenye sherehe ya upadrisho wa mtoto wa ndugu yao, na watarudi kesho yake.

Kesho yake hawakurudi kwa miguu yao. Walipokuwa wanashuka mlima, barabara ilikuwa ya vumbi, yenye yale matuta madogo madogo yanayotetemesha gari, tunayoyaita rasta. Springi mpya zikaanza kudunda na hapakuwa na cha kuzituliza. Mwalimu alinieleza baadaye kwamba sehemu ya nyuma ilianza kucheza ngoma yake yenyewe, akikata kushoto yenyewe inakwenda kulia. Kwenye kona gari likaacha barabara, likaingia kwenye kibanja cha watu, likalala ubavu juu ya migomba. Mwalimu alichubuka. Ma Speransia alivunjika nyonga.

Sasa sikilizeni jinsi dunia ilivyo. Kabla hata Ma Speransia hajafungwa plasta, habari ilikuwa imeenea kwamba Mwalimu alikunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwenye sherehe. Askari akaandika mwendo kasi, maana ndiyo sababu iliyo rahisi kuandika. Kigango kikamwambia apumzike kuongoza sala mpaka mambo yaeleweke. Mtu aliyekuwa amebeba wagonjwa wao wote bila kudai hata mafuta, sasa walikuwa wanamnusa mdomo akipita.

Nilikwenda hospitali kumwona Ma Speransia. Nikamkuta Ta Kaijage amesimama kando ya kitanda, kaleta mkungu wa ndizi na chupa ya asali, kofia mkononi. Alikuwa amemaliza kusali. Akamgeukia Mwalimu, akasema kwa upole, kama mchungaji:

"Mwalimu, gari likitengenezwa vizuri, mtu asilijaribu kwa mwendo."

Mwalimu akainamisha kichwa. Alikuwa ameanza kuamini kwamba kosa ni lake.

Ma Speransia ndiye aliyejibu, amelala chali, mguu umening'inizwa. "Mwendo upi? Nilikuwa namwambia aongeze. Nilikuwa nimeacha maharage kwa jirani yachemke, na yule mama haangalii sufuria ya mwenzake."

Ta Kaijage akacheka kidogo, akampa pole, akatoka. Alinipita mlangoni akanisalimu kwa jina. Ningeelewa kama asingekuja. Ningeelewa kama angekuja akanyamaza. Lakini alikuja, akasali, akamtupia mtu lawama yake mwenyewe, akaiacha juu ya kitanda pamoja na ndizi.

Nikamwambia Mwalimu pale pale, mbele ya mkewe, kila nilichokijua. Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza swali moja: "Inaweza kuonekana?"

"Inaweza."

Tulikwenda wawili pale Pijo ilipokuwa imevutwa, nikaingia chini, nikafungua shokapu zote mbili za nyuma. Zilikuwa zimelowa oili mpaka kwenye bushi, ile mipira ya kufungia. Kisha Mwalimu akamwita mwenyekiti wa kigango, mzee mtaratibu aliyependa kuona mambo kwa macho yake, na tukaenda wote watatu mpaka gerejini Bukoba, mchana kweupe, wateja wamejaa. Nikaibana shokapu moja kwenye jiliwa, nikachukua msumeno wa chuma, nikaanza kukata. (Ninyi msikate hivyo shokapu za gesi, zitawarudi usoni. Hizi zilikuwa za oili, za zamani.)

Mafundi wakaacha kazi. Wateja wakasogea. Ta Kaijage akatoka ofisini, ovaroli yake imenyooka kama kawaida.

"Unafanya nini kwenye meza yangu?"

Nikaendelea kusukuma msumeno. Chuma kikakatika. Ikamwagika oili nyeusi nzito kama uji ulioungua, ikafuatiwa na bonge la grisi, na harufu ya gia ikajaa mahali pote. Nikamwonyesha mwenyekiti kovu la kuchomelea, kwa nje na kwa ndani. Nikamwonyesha mpira wa ndani uliokwisha kuliwa zamani. Mwenyekiti akaingiza kidole, akakinusa, akakifuta kwenye suruali yake ya Jumapili.

Ta Kaijage akapaza sauti ili wateja wasikie. "Mwanamke huyu ana kisa na mimi! Nani kakufundisha wewe kwamba shokapu ikichomelewa imekufa?"

"Wewe, waitu," nikamwambia. "Pale uani."

Deo alitazama chini. Mimi nilidhani yamekwisha, nikadhani sasa atasema neno. Akasema, "Kusanya vitu vyako," akarudi ofisini, akafunga mlango.

Mwenyekiti alirudi Izigo akasimama mbele ya watu Jumapili, akaeleza alichokiona na alichokinusa, na wiki iliyofuata Mwalimu akaongoza sala. Hilo ndilo jema lililotoka. Mabaya yalikuwa mengi zaidi. Ta Kaijage hakuulizwa kitu na yeyote. Baada ya muda mfupi uani kwake pakajaa magari tena, maana watu husahau haraka wanapohudumiwa na mtu mwenye sauti nzuri. Aliyeonekana mbaya ni mimi. Kila gereji niliyokwenda kuomba kazi, walinijibu kwa heshima kwamba nafasi hamna. Mmoja alikuwa mkweli zaidi. "Mama," alisema, "ukija hapa utatukatia na sisi." Nikamuuliza kwani na yeye ana za kukatwa. Hakupenda swali.

Kwa hiyo nikaja Muleba, nikaanza kazi chini ya bati nne. Wateja wa mwanzo walikuwa walimu, wote wametumwa na Mwalimu Faustini. Nilifanya kazi ya springi na shokapu kuliko nyingine yoyote. Shokapu nilizozitoa zimekufa nilizikata katikati kabla ya kuzitupa, kila moja, ili asizipate mtu mwenye brashi ya rangi. Wengine waliona ni wazimu. Nami niliona wazimu ni kuziacha zima. Na kwa kuwa niko kwenye mafunzo: badilisheni mbili kwa mpigo, msimwekee mtu mpya kulia na kuukuu kushoto. Bolti za bushi msizikaze gari likiwa juu ya jeki. Lishusheni kwanza lisimame kwa uzito wake, ndipo mkaze, la sivyo mpira unajikunja na kupasuka kabla ya mwaka. Na springi ikiwa imebanwa, msiweke uso mbele yake, hata kama mnaringia uzoefu.

Mwalimu Faustini alifariki kwa maradhi ya kawaida, na Ma Speransia akahamia hapa Muleba kwa binti yake, nyumba chache kutoka gerejini. Nyonga haikupona sawasawa. Hata leo anatembea na fimbo, na mvua ikikaribia anajua kabla ya mtu yeyote.

Miaka michache kabla sijastaafu, asubuhi moja, liliingia uani Land Cruiser kuukuu, limelala nyuma, linadunda. Alishuka Ta Kaijage. Alikuwa amezeeka sana, lakini suruali ilikuwa na mistari ya pasi.

"Adelina, mwanangu," akasema, kana kwamba tuliachana juzi. "Springi zimechoka na shokapu zimekufa. Mgongo wangu hauwezi tena. Niwekee mpya."

"Bukoba mafundi wamejaa."

Akatazama huku na huku, akashusha sauti. "Zile za kweli. Hapa ndipo nina hakika."

Sijawahi kukasirika namna ile, si hospitali wala gerejini. Alijua. Siku zote alijua tofauti, na kwa mgongo wake mwenyewe alikuja mwendo wote ule kuitafuta.

"Sinyanyui jeki," nikamwambia, "mpaka umekwenda kumsalimu Ma Speransia. Nyumba ile yenye geti la bluu. Umwambie mumewe hakukosa."

"Hayo ni mambo ya zamani."

"Leo asubuhi amepita hapa na fimbo. Hayo ni ya leo."

Aligeuka kulitazama geti. Mafundi wangu walijifanya wana kazi. Kisha akavaa kofia, akaenda taratibu, akaingia kwenye geti la bluu. Alikaa humo muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Aliporudi aliketi kwenye benchi. Nikanyanyua jeki.

Kazi ile niliifanya kwa mikono yangu, na niliifanya vizuri. Nilipima, nikachagua, nikazijaribu shokapu mbele yake, nikashusha gari chini nikakaza bushi. Jioni aliondoka, na Land Cruiser lilipita mashimo ya mbele ya gereji kama halijayaona.

Nikanawa mikono nikaenda kwa Ma Speransia. Alikuwa anachagua mchele barazani.

"Ma Speransia, alikwambia nini yule mzee?"

"Alinipa pole."

"Pole ya nini?"

"Pole ya barabara. Alisema siku ile barabara ilikuwa mbaya sana."

Nikakaa chini. Nilihisi kama mtu aliyepigwa kofi na mtu ambaye ametoka kumlisha. Nilitaka kuchukua pikipiki nimfuate, nizifungue shokapu zile pale pale njiani.

"Na wewe ukamjibu nini?"

"Nikamwambia anywe kahawa, inapoa." Akatupa punje mbovu, akaniangalia. "Gari lake umelitengeneza vizuri?"

"Vizuri kabisa. Halidundi hata kidogo."

"Basi," akasema, akirudi kwenye mchele wake, "sasa hana tena cha kusingizia."